Asante kwa Viti, Somo ni Letu

Masomo yetu ya kilimo cha mwani hapa Micheweni, Pemba, hayana ada, lakini yana gharama. Tunayafanya maji yakiwa mafu, yaani bahari isipokupwa sana, kina mama wanapokuwa hawaendi mashambani. Turubai hukodiwa, spika hukodiwa, na watu hawakai tangu alasiri hadi magharibi bila hata chai. Mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo kampuni moja inayonunua mwani ilipojitolea kulipia viti na spika, tulipokea kwa moyo mkunjufu, na kila tukikutana naitaja mbele za watu.

Tulipobishana ni kwenye namna ya kushukuru. Bwana wa kampuni alitaka bango lao litundikwe nyuma ya mwalimu, na mwalimu amalizie kwa kuwaambia watu wapeleke mwani kwenye ghala lao. Nikamwambia: kaka yangu, majina ya wote waliochangia yatakaa mlangoni, kwa herufi za ukubwa mmoja, nyinyi pamoja na yule mzee anayetuvutia umeme kutoka nyumbani kwake. Shukrani nitatoa mimi nikifungua kikao. Mwalimu yeye afundishe tu. Marekani, televisheni za umma zina kanuni inayokaribiana na hii: mfadhili hutajwa jina na shughuli zake, lakini bei haitajwi, halinganishwi na wenzake, wala watazamaji hawahimizwi kununua kwake.

Kwetu hili ni zito zaidi, kwa sababu mara nyingi anayenunua mwani ndiye aliyetoa kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia miche ya mwani. Kwenye somo lililopita bibi mmoja alinyanyuka: "Mwalimu, nimefungia mwani kwa kamba ya mtu. Nikimuuzia mwengine, nimemdhulumu?" Bwana wa kampuni yuko safu ya mbele. Mwalimu akawakumbusha watu kwanza kwamba waliotuletea viti nao ni wanunuzi, kisha akajibu. Kama mlikubaliana umuuzie yeye, timiza ahadi. Kama kamba ni deni, lilipe. Kama alikupa bila sharti, mwani ni wako, uza unapopenda. Hapo maswali yakamiminika: katika aina hizi mbili za mwani, kwa nini kotonii ina bei kuliko spinosamu, na faida yake iko wapi ikiwa inakufa maji yakipata joto? Anayeanika juu ya chanja alipwe sawa na anayeanika mchangani?

Baadaye bwana yule akaniomba maswali ya bei na kamba yawe yanaulizwa pembeni. Nilikataa, kwa heshima zote. Bibi yule hana pahala pengine pa kuuliza. Na tungelificha jina la kampuni ili tuonekane hatuna upande, ingekuwa vibaya zaidi, maana kijijini kila mtu anajua viti vilishushwa na gari ya nani.

Somo lijalo ni la kujenga chanja. Mnunuzi mwengine ameahidi miti, na safari hii masharti tumemwandikia kabla hajatoa kitu. Anayetaka kuchangia chai na sukari naye anakaribishwa, kwa masharti hayo hayo.