Wikiendi Paje: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Jamani, safari nyingi za Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, huharibikia hapa: wewe na shoga yako mmefika Jumamosi saa nne asubuhi, mmeshavaa za kuogelea, na maji hayapo. Yametoka mpaka kule mwambani. Si mkosi, ni bamvua, siku za maji kujaa sana na kutoka sana.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndio huleta bamvua. Unguja, siku hizo maji hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi, hujaa mnamo saa kumi alasiri. Kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki mambo hugeuka: yanajaa asubuhi, ila ni maji mafu, hayapandi sana wala hayatoki sana. Kwa kuogelea nayapenda hayo.

Mkikuta yametoka, msinune. Vaeni viatu vya mpira, piteni penye mchanga mweupe. Msikanyage kamba za mwani, hiyo ni riziki ya akina mama. Penye mawe na majani meusi kuna wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu. Mwiba ukiingia usiuchimbe kwa sindano, utakatikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoyavumilia, nusu saa au zaidi. Ukivimba sana, nendeni kituo cha afya.

Na yakianza kurudi, geukeni papo hapo, maana hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu, kati yenu na ufukwe.