Jiko la nje kwa vitu vya bomoa: wiki ya sita

Haya nimerudi, wiki mbili kimya maana hela ilikata. Kwa ambaye ndo anaanza kusoma, najenga jiko la nje huku Chanika, na vitu vingi nachukua vya nyumba za kuvunjwa, zile za zamani za Kariakoo zinazobomolewa kupandisha ghorofa.

Jumamosi nimepata mlango! Mninga mtupu, wa pande mbili, mfaa wake (ule mti wa katikati pande zinapokutana) upo, fremu imekuja nayo, 180,000 pamoja na usafiri wa kirikuu. Umepakwa rangi ya mafuta sijui mara ngapi, kijani juu ya bluu juu ya krimu, nimekwangua na kisu pembeni ya bawaba ikatokea ile nyekundu ya mninga nikacheka peke yangu. Msasa mkavu sipigi, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto, kwa hiyo nalowanisha nakwangua juu ya turubai, mwendo wa kinyonga.

Sasa balaa. Fundi alishaacha nafasi ya sm 90 na linta (ile boriti ya zege juu ya mlango) kashamwaga, mlango na fremu yake unasoma 124.
"Dada si ungesema mapema?"
Ningesemaje na mlango wenyewe sikuwa nao? Ila kosa langu, vya bomoa unanunua kwanza ndo unapandisha ukuta. Tumevunja linta, siku nzima na nyundo, nondo zimetoka zimejikunja, fundi akataka azinyooshe azirudishe. Hapo nimegoma, nondo ikikunjwa ikanyooshwa inapungua nguvu palepale ilipokunjwa na linta ndo imebeba tofali zote za juu. Nimenunua mpya za mm 12, hizo zingine nitachomelea kichanja cha vyombo.

Mabati ninayo 14, geji 28, mazito kuliko geji 30 ambayo ndo ningemudu mapya. Nimeinua moja juu ya kichwa saa saba mchana, nyota tupu! Matundu ya misumari 31. Nitaziba na lami.

Leo seremala kaanza kupiga randa fremu, tukasikia kraaa, msumari ulikatikia ndani ya mbao, kisu cha randa kina pengo na ananidai. Nimefungua spika mbovu ya redio nimetoa sumaku, kesho kabla hajagusa mbao naipitisha kwanza.