Siku moja maishani mwangu: magoti ya Mwanza na tiba isiyo na kisu

Ninafanya kazi ya fiziotherapia jijini Mwanza. Wanaoletwa kwangu na magoti yaliyoumia ni wachezaji wa mpira, waendesha bodaboda, na wachuuzi walioteleza na ndoo za samaki kule mwaloni, na wengi huingia wakidhani kwamba kwetu ni mahali pa kusubiria upasuaji. Nimeona niandike siku moja ilivyokwenda, kwa sababu kwa majeraha mengi ya ligamenti za goti, yaani nyuzi imara zinazounganisha mfupa na mfupa, mazoezi ndiyo tiba yenyewe.

Saa 2:00 asubuhi. Wagonjwa wa kiharusi na wa mgongo walifuatana hadi saa 4:00, nami sikukaa.

Saa 4:00. Aliingia kijana wa bodaboda ambaye ligamenti ya upande wa ndani wa goti ilichanika kiasi. Ligamenti hiyo hupata damu ya kutosha, kwa hiyo mara nyingi hupona bila kisu, mradi goti lilindwe lisisukumwe pembeni. Nilimkunja goti nyuzi 30, nikausukuma muundi wake kwenda nje taratibu. Safari iliyopita goti lilifunguka naye akashtuka kwa maumivu, lakini leo lilikaza mapema. Kifaa chake chenye bawaba ataendelea kukivaa, ila sasa ameruhusiwa kupanda na kushuka kidaraja kifupi.

Saa 5:00. Alifika mzee mmoja kutoka Ukerewe na mpwa wake, mchezaji wa mpira aliyetua vibaya, akasikia mlio ndani ya goti, na jioni hiyohiyo goti likavimba. Picha ya MRI ilionyesha kwamba ligamenti ya msalaba ya mbele imekatika. Kabla ya hapo kijana alikuwa amekandwa na kuvutwa goti nyumbani kwa siku kadhaa, na kila alipovutwa uvimbe ulirudi.

"Shikamoo, baba," nilimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Tumeambiwa mna mashine."

Nilipomweleza kwamba leo tutaanza kwa kukaza misuli ya paja, alitazama saa yake. Alisema hakulipa nauli ya meli kutoka Nansio kuja kufundishwa jambo ambalo kijana angelifanya kitandani kwake, akataka apigwe sindano au akandwe, kisha warudi na meli ya mchana. Nilimweleza tena, naye akarudia yaleyale kwa sauti ya juu zaidi huku wagonjwa wengine wakisikiliza kwenye benchi.

Sikumlaumu, kwa sababu tiba isiyoonekana ni ngumu kuilipia nauli. Nilichukua utepe nikapima mapaja yote mawili kwa umbali uleule juu ya pia ya goti, na la mguu ulioumia lilikuwa limepungua sentimita 3. Nikaweka taulo lililokunjwa chini ya goti lisiloumia, nikamwomba mzee aweke kiganja juu ya paja, kijana akalikandamiza taulo, na msuli ukawa mgumu. Tulipohamia mguu wa pili, msuli ulitetemeka kidogo tu ukalegea. Mzee hakuondoa kiganja chake.

Nilimwambia kwamba goti lililojaa maji huizima misuli ya mbele ya paja, na kwamba ligamenti ikishakatika kabisa hatuwezi kutegemea ijiunge yenyewe, lakini misuli ya mbele na ya nyuma ikifundishwa vizuri huweza kulishikilia goti. Katika utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010, zaidi ya nusu ya vijana walioanza kwa mazoezi walikuwa hawajafanyiwa upasuaji wa kutengeneza upya ligamenti hiyo baada ya miaka 2. Nilimweleza pia kwamba goti likizidi kulegea na kumwachia ghafla au likikwama, tutamwona daktari wa mifupa. Mzee alitaka nimhakikishie kwamba halitafika huko, nami nilikataa kumpa ahadi hiyo. Hatimaye tulikubaliana kijana abaki kwa shangazi yake Igoma kwa wiki 6, na hata hilo tulibishania mpaka meli ikakaribia kung'oa nanga.

Kutoka hapo sikuangalia tena saa. Ugali na dagaa vilipoa, joto lilipanda, na waliokuwa wamesubiri kwenye benchi waliingia wakiwa na haki ya kukasirika. Kazi yetu hufanywa kwa mwili: unashikilia mguu wa mtu mzima hewani, unahesabu naye, unamzuia asiyumbe anaposimama kwa mguu mmoja, halafu unaanza upya na mwingine. Kufikia alasiri kiuno changu kilikuwa kimekufa ganzi.

Wa mwisho alikuwa dada anayecheza netiboli, ambaye naye hakupasuliwa. Nilimpima kwa kuruka mbele kwa mguu mmoja, kwani tunataka umbali wa mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya ule wa mguu mzima, naye alifikia 82. Alisema timu yake inamhitaji. Nilimjibu, "Bado, dada," akanyamaza, na macho yakamlenga machozi. Goti lake halijamwachia tangu aanze mazoezi, na nilimwambia hivyo kwa sababu ni ushindi wake. Nikamwongezea uzito kwenye zoezi la kuchuchumaa kwa mguu mmoja, nikaandika kwenye kadi yake kwamba atapimwa tena baada ya wiki 4.