Kumsaidia Mtoto Nyumbani kwa Maneno ya Kiingereza Yasiyofuata Silabi

Mtoto aliyezoea kuunga silabi za Kiswahili hukifungua kitabu cha Kiingereza akiamini kwamba kila herufi itatamkwa vilevile anavyoijua. Ndiyo maana binti yangu, anayesoma "dirisha" bila kusita, alipokutana na "come" alisoma "ko-me", na "one" akaisoma "o-ne". Hilo si la kukemewa, kwa kuwa anafanya sawasawa na alivyofundishwa.

Maneno hayo hayakwepeki. Mwaka 1936 Edward William Dolch wa Marekani alichapisha orodha ya maneno 220 yanayojirudia mno katika vitabu vya watoto, na nomino akazitenga katika orodha nyingine ya maneno 95. Ugumu unaanzia hapo, kwani mengi ya yaliyobaki ni ya aina ya "the", "of" na "was", ambayo mzazi hawezi kumchorea mtoto wala kumwonyesha kwa kidole.

Sikubaliani na desturi ya kumkalisha mtoto mbele ya rundo la kadi ili akariri umbo la neno zima. Sisi huanza na sauti. Tukichukua "said", namtamkia kwanza, naye huhesabu sauti tatu kwa vidole. Kisha tunaliandika, na anagundua kwamba "s" na "d" zinatamkwa kama anavyozijua, hivyo cha kukumbuka ni "ai" peke yake, ambayo huizungushia duara kwa penseli nyekundu. Baadaye hulifunika, akaliandika tena huku akilitamka, halafu tunalitia katika sentensi fupi. "Mama said come" aliipenda sana, akawa ananiandikia kwenye vikaratasi na kunibandikia mlangoni.

Maneno mawili au matatu kwa wiki yanatosha, mradi ya zamani yarudiwe. "Was" na "saw" nisingeyafundisha pamoja, maana herufi ni zilezile zilizogeuzwa, na mtoto huyachanganya kwa urahisi. Moja likae kwanza.

Wapo wazazi wanaoshauriwa kusimamisha usomaji wa Kiswahili mpaka Kiingereza kikolee. Mimi napinga kabisa. Silabi ndizo zilizomfundisha mtoto huyu kwamba herufi hubeba sauti, na bila ujuzi huo asingeweza hata kutambua ni sehemu gani ya "said" inayokwenda kinyume, kwa hiyo kila jioni tunasoma kwanza ukurasa mmoja wa hadithi ya Kiswahili.