Oili ya teksi inayochakaa kabla ya kilomita zake: dawa ni mita ya saa

Teksi ya Dar es Salaam ilikuwa ikitoa oili nyeusi, nzito, kabla ya kufika kilomita 5,000. Chanzo ni foleni: magurudumu yamesimama, injini na kiyoyozi vinaendelea. Kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, kilomita 5,000 ni saa 100. Kwa wastani wa 15, zinapita 330.

Nilifunga mita ya saa ya volti 12, kifaa kinachohesabu saa ambazo injini imewaka. Ukiiunga kwenye waya wa swichi ya ufunguo itahesabu hata dereva akisikiliza redio tu, kwa hiyo chukua waya wa L wa alternata (mtambo unaochaji betri), ule wa taa ya betri kwenye dashibodi. Upime kwanza: swichi ikiwa imewashwa lakini injini imezimwa, iwe chini ya volti 3; injini ikiwaka, 13.5 hadi 14.5. Fyuzi ya ampea 1 ikae karibu na alternata, na waya hasi ufungwe kwenye bodi palipokwanguliwa rangi. (Alternata inayoongozwa na kompyuta ya gari usiiguse kwa njia hii.)

Sasa oili na filta hubadilishwa kila saa 200 au kilomita 5,000, chochote kitakachotangulia. Wastani ukiwa chini ya kilomita 25 kwa saa, saa ndizo hutangulia.