Sensa ya manifodi iliyogota kwenye volti 5

Baada ya kufunga supachaja (kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini), gari lilikwenda vizuri mpaka nikanyage mafuta hadi chini. Hapo injini inagonga, mafuta hayatoshi. Pampu na nozeli nzima. Nikapima sensa ya presha ya manifodi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini): volti zilipanda hadi karibu 5 zikagota, huku geji ya presha ikizidi kupanda. Sensa ya kiwandani ni ya bar 1, inaishia kama kPa 105 (bar 1 ni kPa 100), na supachaja ilisukuma hadi kPa 160. Kompyuta haikuiona hewa ya ziada, ingeongezaje mafuta?

Nikafunga sensa ya bar 3, mpira wake wa hewa ukitoka baada ya supachaja, kisha nikabadili vipimo kwenye kompyuta (bila hivyo inasoma uongo mtupu). Swichi on, injini imezimwa: kPa 100, sawa na hewa ya nje. Mzigo kamili, kPa 160, injini haigongi.