Shikamoo ya darajani

Jumamosi iliyopita kigari kimoja cheupe kilinipisha darajani, na mpaka leo sijatulia.

Sikukiomba. Kilikuwa kimeshaingia, kimebakiza kama theluthi tu kumaliza, mimi ndiyo kwanza nafika upande wa pili. Sikupiga honi, sikuwasha taa. Nilisimama tu, na hili gari langu kubwa, mnalijua, likisimama linakuwa kama limenuna. Nikaona kichwa cha dereva kinageuka nyuma, kigari kikaanza kurudi kikipepesuka, mara kushoto mara kulia, mpaka kikatoka. Nikapita, nikanyanyua mkono kushukuru.

Kwenye kiti cha nyuma mwanangu akauliza, "Baba, si yeye ndiye alitangulia?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona karudi yeye?"

Nikamwambia akae vizuri, mkanda wake umelegea. Mkanda haukuwa umelegea.

Kwa hiyo leo habari ni ya Kiroboto, kigari changu cha zamani. Wa siku nyingi mnamkumbuka: silinda tatu, cc 660, rangi ambayo zamani ilikuwa nyekundu. Kule Japani magari ya aina yake yana kundi lake kisheria, urefu usizidi mita 3.40 na upana mita 1.48. Hiyo 1.48 usiisome haraka. Maana yake ni kwamba ukimpakia mtu mwenye mwili wake pale mbele, kila ukibadili gia unamgonga goti na kuomba radhi.

Miaka ile ndani ya Kiroboto niliwajua madereva kuliko nilivyotaka. Ukiacha nafasi ya usalama mbele yako, mtu anachomekea, anaona umemwekea yeye. Umeshaingia kwenye kipilefti, mwingine anajitosa tu, ana uhakika utafunga breki. Usiku gari refu likikaa nyuma yako, taa zake ziko usawa wa kioo chako cha ndani, basi unaendesha kwenye mwanga wa mtu mwingine huku kivuli cha kichwa chako kimetangulia barabarani. Lori likikupita, upepo wake unakusukuma pembeni, halafu unakuvuta. La lori nalisamehe, ile ni fizikia, haina dharau.

Halafu honi za kwenye mataa. Marekani kulikuwa na watafiti wawili, Doob na Gross, ambao mwaka 1968 walichapisha jaribio ambalo mimi ningewafanyia bure. Walikuwa wanasimama kwenye taa nyekundu, mara na gari la fahari, mara na mkweche, taa ikigeuka kijani hawaondoki, wanasubiri kuona nani atapiga honi. Nyuma ya gari la fahari ilipiga honi nusu ya madereva. Nyuma ya mkweche, 84 katika kila 100. Na wapo wawili ambao hawakuhangaika hata na honi, waliligonga bampa la mkweche moja kwa moja. Mkweche wao haukuwa mdogo, ulikuwa umechakaa tu, lakini niliposoma nilijisikia kama mtu aliyekuta jina lake gazetini.

Sasa siku yenyewe, mimi na Kiroboto darajani. Jioni, mvua, nimemtoa mama kliniki ya macho. Walikuwa wamemtia matone yale ya kutanua mboni, kila mwanga unamchoma, hata taa ya dashibodi alikuwa anailalamikia. Mbele yetu daraja la gari moja moja. Upande wangu kilikuwepo kile kibao cha mraba cha bluu: mshale mnene mweupe wako, mwembamba mwekundu wa yule anayekuja, maana yake wewe pita, yeye asubiri. Vibao hivyo viliwekwa kwenye mkataba wa Vienna wa alama za barabarani, nao wa 1968, mwaka uleule wa akina Doob. Sijui kama bwana mmoja wa shangingi, aliyekuwa anakuja kutoka upande wa pili, alikiona chake.

Nilikuwa nimeshavuka nusu alipoingia. Akanimulika mara moja. Nikadhani ananitahadharisha kitu. Akamulika tena. Halafu akaziwasha full akaziacha, akazidi kuja polepole, bila kelele, kama mtu anayesukuma mlango anaojua uko wazi. Ndani ya Kiroboto kukawa kweupe. Niliona vumbi kwenye dari, nikaona uzi uliochomoka kwenye kiti, nikamwona mama amejifunika uso kwa ncha ya mtandio, ule mfuko wa dawa ameupakata kwa mikono miwili.

Nilipiga hesabu. Mimi mita moja na nusu, yeye karibu mbili, daraja kama tatu hivi. Haikai.

Rivasi ya Kiroboto ilikuwa na masharti. Unakanyaga klachi, unaibonyeza gia chini, unaivuta kwako, ikikwaruza unaanza upya. Ilikwaruza mara mbili. Kioo cha nyuma kilikuwa kimejaa ukungu, waipa yake ilikufa siku nyingi, ikabidi nifungue mlango nitoe kichwa niangalie ukingo. Mvua ikawa inaniingia kwenye paja. Nikaanza kurudi. Ile gia ikirudi ilikuwa inalia, unajua ule mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta, na siku hiyo nilisikia kama inanililia mimi. Hatua kwa hatua, mguu kwenye klachi unatetemeka, tairi la nyuma likagusa ukingo, nikasimama, nikanyoosha usukani, nikaendelea. Yeye yuleyule mbele yangu, hakuniachia hata nafasi ya kupumua, ananisindikiza. Mama hakusema neno. Ilikuwa kama mita arobaini. Kwa mbele ungezimaliza kabla hujapiga chafya.

Nilipotoka nikajibanza pembeni, nikateremsha kioo. Nilikuwa nimeshayapanga maneno, na yalikuwa mazuri. Likaja lile shangingi, likasimama ubavuni kwetu, kioo kikashuka chenyewe. Ubaridi wa ndani yake ukatupiga usoni pamoja na harufu ya manukato. Mtu wa rika langu, uso mzuri tu, hana hasira hata chembe. Akainama anitazame, akamwona mama.

"Shikamoo mama."

Mama akashusha mtandio. "Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo mama. Poleni na mvua jamani." Kisha akaninyanyulia mkono. "Asante sana kaka."

Akaondoka. Na mimi na maneno yangu. Utamtukanaje mtu ambaye mama yako ametoka kumwitikia marahaba?

Angenitukana ningelala vizuri usiku ule. Kilichonikaa rohoni ni ile asante. Aliitoa kwa moyo, kama mtu aliyepokea chenji yake. Nadhani hakunidharau. Nadhani hata halikumjia wazo kwamba kati yetu kulikuwa na jambo la kuamuliwa.

Tukakaa kidogo, waipa za mbele zinafanya kazi. Mama akajifuta machozi ya yale matone.

"Kijana ana adabu," akasema.

Nikanyamaza.

"Kwani lake halina rivasi?"

Mpaka leo sijui lile lilikuwa swali au lilikuwa jiwe. Mama hakuwahi kushika usukani maishani, inawezekana kweli alitaka kujua. Kwamba labda magari makubwa yako hivyo, yametengenezwa kwenda mbele tu.

"Linayo, mama."

"Ahaa," akasema, akajifunika tena.

Mengine mnayajua. Kiroboto aliuzwa, watoto wakaja, mizigo ikaongezeka, nikanunua hili. Sikulinunua kwa ajili ya kumkomoa mtu. Ila sitawadanganya: wiki ya kwanza, kwenye kipilefti kilekile nilichokuwa naonewa, watu walinisubiri niingie. Nikadhani wamebadilika.

Tangu Jumamosi najitetea kichwani. Kwamba mimi sikumulika. Kwamba alirudi mwenyewe, ningemzuiaje? Ningeweza kumfanyia ishara apite, ndiyo, lakini alikuwa ameshaanza, na huwezi kumchanganya mtu anayerudi nyuma darajani, ni hatari. Hoja hiyo ya mwisho naipenda sana. Tatizo lake ni kwamba niliipata Jumapili.

Dereva wa kile kigari sikumwangalia usoni. Sijui kama ni mwanamke au mwanamume, sijui kama alikuwa na mtu pembeni.

Hili gari lina kamera ya nyuma. Ukiweka rivasi inawaka yenyewe, inakuchorea mistari ya kijani, njano na nyekundu, hata ukungu hauisumbui. Nimeshaitumia sana, kupaki.